Gitaa, Mpaka na Mwenye Vyombo

Uhakiki wa nyimbo za dansi katika shule zetu umezoea kuanzia katika maneno na kuishia katika maneno. Mwanafunzi hupewa wimbo, akaambiwa atafute dhamira, ataje tamathali za usemi, aeleze msimamo wa mtunzi kuhusu mapenzi, ulevi au kazi. Hayo ni mema, na sisi tuliolelewa katika vina na mizani hatuwezi kuyabeza. Lakini wimbo wa dansi si shairi lililotiwa sauti tu. Kabla neno la kwanza halijaimbwa, gitaa huwa limekwisha kusema. Na kabla gitaa halijasema, yupo mtu aliyelinunua, upo mpaka lililouvuka, ipo miezi au miaka lililongojewa. Katika makala haya tumekusudia kuyatazama hayo yaliyo nyuma ya wimbo. Dai letu ni kwamba bei ya gitaa, pamoja na taabu ya kulipata, ndiyo iliyoamua kwa sehemu kubwa nani awe bwana na nani awe mtumishi katika muziki wa dansi wa Tanzania. Na mhakiki asiyelitia jambo hilo maanani atazisoma nyimbo zetu nusu nusu.

Tuanze na lugha ya wenyewe. Mwanamuziki wa dansi ni nadra kusema "ala", husema "vyombo". Vyombo ni magitaa, ngoma, tarumbeta, vikuza sauti na spika, vyote kwa jumla, na mtu anayevimiliki huitwa "mwenye vyombo". Gitaa nalo lina majina. Lipo la umeme na lipo kavu, na hilo kavu wazee wengine huliita galatoni, jina lililotokana na Gallotone, chapa ya magitaa ya bei nafuu kutoka Afrika ya Kusini. Chapa hiyo hiyo ilifika hata Liverpool, na gitaa la kwanza la John Lennon, mwaka 1957, lilikuwa la Gallotone. Basi tusidhani kwamba gitaa rahisi lilikuwa fungu la Mwafrika peke yake.

Galatoni mtu mmoja aliweza kujinunulia akijinyima. Asiyeweza hata hilo alijitengenezea la kopo la mafuta, nyuzi zikiwa za waya wa breki ya baiskeli. Gitaa la umeme halikuwa hivyo. Hilo lataka kikuza sauti, spika, waya, na umeme wenyewe. Na likiwa pweke halifai kitu, kwa kuwa dansi letu lilikwisha kujijenga juu ya magitaa matatu au manne yanayosemezana. Ndiyo maana tangu mwanzo vyombo vilikuwa mali ya kundi. Dar es Salaam Jazz ya miaka ya 1930, Morogoro Jazz iliyoanzishwa mwaka 1944, na nyingine nyingi za miji ya reli na pwani, zilikuwa vyama kabla ya kuwa bendi kwa maana ya leo. Mwanachama alikuwa na neno katika vyombo kama alivyo na neno mwanachama wa ushirika katika ghala la pamba.

Mwaka 1964 likatokea jambo jipya. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz, na wapigaji wakawa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Bendi hiyo ndiyo iliyoitwa baadaye JUWATA, kisha OTTU, na leo Msondo Ngoma. Wengine wakafuata: Kiwanda cha Nguo cha Urafiki, umoja wa vijana, Polisi, Magereza, Jeshi la Kujenga Taifa, Shirika la Bima. Mlimani Park Orchestra ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ikawa DDC Mlimani Park. Wapo leo wanaoucheka utaratibu huo, wakisema muziki hauwezi kuwa idara. Sisi hatucheki. Mpiga gitaa aliyekuwa akidharauliwa kuwa mhuni alipata mshahara, na jina la chombo cha umma nyuma yake lilimpa heshima mbele ya wakwe na wenye nyumba. Hayo si madogo.

Kasoro ilikuwa mahali pengine. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, na mwajiri hakuwa na utaratibu wa kumfanya mpigaji afike siku moja kuwa na gitaa lake. Mtu angeweza kupiga solo miaka kumi na mitano, sauti ya gitaa lile ikawa ni sauti yake kiasi cha msikilizaji wa redio kumtambua kabla hajatajwa. Lakini siku akiondoka aliondoka na vidole vyake tu. Gitaa lilirudi stoo. Jina la bendi nalo lilibaki, na mara nyingi nyimbo zilibaki pia. Katika ushairi tumezoea kwamba mtunzi hulitia jina lake katika beti za mwisho, asije akanyang'anywa. Mpiga solo hakuwa na beti la kutia jina.

Hapa msomaji kijana atauliza: kwa nini asinunue la kwake? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni hesabu. Kwanza, gitaa la umeme lilitoka ng'ambo, na kitu cha ng'ambo kilinunuliwa kwa fedha za kigeni, zilizogawiwa kwa vibali. Katika mgawo huo ilibidi gitaa lisimame foleni moja na dawa, vipuri vya matrekta na mafuta ya petroli. Hatuwezi kumlaumu ofisa aliyeliweka gitaa mkiani mwa foleni hiyo; sisi wenyewe tumekaa ofisini miaka mingi, na twajua jalada linavyoweza kuandikwa "isubiri" bila ya mwandishi kuwa na chuki na mtu. Hata hivyo matokeo yake yalikuwa yale yale. Kwa taasisi kubwa yenye mtu wa kufuatilia kibali, kungoja kulikuwa taabu. Kwa mtu mmoja mwenye akiba yake mfukoni, kungoja kulikuwa ni kukosa.

Pili, kulikuwa na mpaka. Kabla ya mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja, na gitaa katika duka la Nairobi lingeweza kulipwa kwa noti ile ile ya Dar es Salaam. Mwaka 1966 kila nchi ikatoa fedha yake, zikianza zikiwa sawa. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipokuwa ikivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa miaka hiyo Nairobi, yenye maduka ya vyombo, studio na mitambo ya kutengenezea sahani za santuri, ikawa karibu kwa macho na mbali kwa miguu. Tanzania haikuwa na mtambo wa santuri. Nyimbo zilirekodiwa katika Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini ili wimbo uwe sahani ya kununuliwa, ilibidi uvuke kwenda Kenya.

Tuitazame bei kwa mfano rahisi. Tuseme gitaa lina bei ya dola 300 za Marekani kiwandani, tuache nauli na ushuru. Mwaka 1985 dola moja, kwa kiwango cha benki, ilikuwa kama shilingi 17 za Tanzania na kama shilingi 16 za Kenya. Kwa hesabu ya karatasi, basi, gitaa hilo lilikuwa shilingi 5,100 huku na 4,800 kule, na mtu angedhani ni mamoja. Lakini bei ya karatasi ilikuwa ya mwenye kibali. Asiye na kibali alikutana na bei ya mtaani, ambako shilingi yetu ilikuwa dhaifu mbali na hapo, na ambako mwenye kulivusha gitaa kwa magendo alijilipa kwa hatari aliyoibeba. Mwaka 1986 ukaja mpango wa kurekebisha uchumi, na thamani ya shilingi ikashushwa. Kufikia mwaka 1990 dola moja ilikuwa karibu shilingi 195 za Tanzania na karibu 23 za Kenya. Gitaa lile lile sasa lilikuwa shilingi 58,500 upande mmoja, na 6,900 upande wa pili. Foleni ilikuwa imepungua, kwa kuwa tangu mwaka 1984 mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa. Lakini kuruhusiwa kununua si sawa na kuweza kununua, na mpiga gitaa wa mshahara alitoka katika mikono ya kibali akaingia katika mikono ya bei.

Aliyeweza ni mfanyabiashara. Ndipo tunapomwona mwenye vyombo wa aina ya pili, mtu binafsi, akichukua nafasi kubwa zaidi na zaidi. Bendi aliyoiongoza Remmy Ongala, Matimila, ilibeba jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Mtunzi aliyejulikana nchi nzima kwa kuwasemea wanyonge aliimba chini ya jina la mwenye mali. Mwaka 1985 Muhidin Maalim Gurumo, mwimbaji, na Abel Balthazar, mpiga gitaa, waliondoka Mlimani Park pamoja na wenzao kadhaa wakaenda Orchestra Safari Sound, bendi ya mfanyabiashara Hugo Kisima. Hatudai kwamba vyombo peke yake ndivyo vilivyowavuta. Tunalodai ni kwamba, walipohama, hawakuwa na njia ya tatu. Ama vyombo vya shirika, ama vyombo vya tajiri.

Wengine walikwisha kuvuka mpaka wenyewe, badala ya kungoja gitaa livuke. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walipitia Jamhuri Jazz na Arusha kabla ya kujenga jina la Simba Wanyika nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mbaraka Mwinshehe, baada ya kuiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano mwaka 1973, aliendelea kurekodi Nairobi, na alikufa kwa ajali ya gari karibu na Mombasa mwezi Januari 1979, mpaka ukiwa umefungwa. Mwalimu anayefundisha nyimbo zao kama mashairi ya Kiswahili, afanye hivyo bila ya wasiwasi, ni mashairi kweli. Lakini akimwambia mwanafunzi kwamba safari, ugeni na barua katika nyimbo za dansi ni "taswira" tu, atakuwa amempunja. Zilikuwa pia ni njia za riziki.

Sasa tuje kwenye hoja ambayo tumeisikia mara kwa mara, na ambayo hatukubaliani nayo hata kidogo. Wapo wasemao kwamba dhiki ndiyo iliyouzaa ufundi wa magitaa yetu: kwamba kwa kuwa vyombo vilikuwa haba, wapigaji walijifunza kufanya mengi kwa machache, na hivyo tuishukuru foleni. Hoja hii ni tamu kwa asiyesimama katika foleni. Hebu tulisikilize dansi lenyewe. Katika wimbo wa Mlimani Park au JUWATA wa miaka ile, gitaa la solo hutangulia na kauli. Solo la pili humjibu, aghalabu kwa sauti ya chini kidogo, likiacha nafasi pale mwenzake anapovuta pumzi. La ridhimu hushika mwendo bila ya kunyamaza. Besi huzungumza na ngoma. Wimbo ukifika sehemu ya pili, waimbaji wanapoitikiana, magitaa hayaongezi kelele bali huongeza maneno. Mtu wa ushairi atalitambua jambo hilo mara moja: ni majibizano, kila mmoja akitunza kina cha mwenzake.

Basi tuulize. Kama dhiki ndiyo mwalimu, ingefundisha nini? Ingefundisha bendi ya gitaa moja. Hilo ndilo jibu rahisi la uhaba. Lakini wanamuziki wetu, katika nchi ambayo gitaa moja lilikuwa shida kupatikana, walishikilia muziki unaotaka magitaa manne. Walikataa kuipunguzia sauti yao idadi. Waligawana, waliazimana, waliunga nyuzi zilizokatika, walitengeneza vikuza sauti vilivyoungua, ili wote wanne wapande jukwaani pamoja. Ufundi huo ulitoka kwa watu. Dhiki haikutoa kitu ila hesabu ya kudaiwa.

Wala si Afrika peke yake iliyoonja hayo. Uingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili, ilikuwa na upungufu wa dola, na kuanzia mwaka 1951 hadi 1959 magitaa ya Marekani hayakuruhusiwa kuingizwa nchini humo kibiashara. Vijana wa London waliyaona katika picha za majalada ya santuri, wakatamani. Mwaka 1959 mwimbaji Cliff Richard alimwagizia mpigaji wake, Hank Marvin, Fender Stratocaster moja kwa moja kutoka Marekani, na sauti ya gitaa hilo ndiyo iliyowafundisha vijana wengi wa Uingereza nini cha kutafuta. Tazama basi: sauti ile ilisikika gitaa lilipofika, haikusikika katika miaka ya kungoja. Paul McCartney naye ameeleza kwamba mwaka 1961 mjini Hamburg alinunua besi ya Höfner kwa kiasi cha pauni 30 kwa sababu Fender ilikuwa kama pauni 100. Leo besi ya Höfner ya umbo lile hutafutwa na wapenzi wa muziki duniani kote. Hapo kwanza ilikuwa ya mtu aliyeshindwa bei.

Mfano huo wa mwisho unatufikisha kwenye chapa, nao ni ugonjwa wa siku hizi. Kijana wa leo anaweza kupata gitaa la bei nafuu katika maduka ya Kariakoo, au akamwomba ndugu aliye Nairobi au Dubai amchukulie. Akilipata, mara nyingi swali la kwanza la wenzake ni la jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa, na swali la pili ni limetengenezwa wapi. Kampuni ya Fender ina kiwanda Corona, katika jimbo la California, na kingine Ensenada, Mexico, mwendo wa saa chache kwa gari. Jina ni moja, umbo ni moja, lakini la kaskazini mwa mpaka huuzwa ghali zaidi kuliko la kusini. Zipo tofauti za kweli katika mbao na kazi ya mkono, hatukatai. Hata hivyo sehemu kubwa ya bei ni tofauti ya mishahara ya watu wawili wanaofanya kazi moja pande mbili za mpaka, na mnunuzi anayejivunia upande wa kaskazini anajivunia tofauti hiyo pasipo kuijua. Wako pia mafundi wa mikono, wa Ulaya na Marekani, ambao mteja hungoja gitaa lao mwaka mmoja au miwili au zaidi, na kungoja kwenyewe kukawa ni sehemu ya fahari. Mpiga solo wa Dar es Salaam aliyengoja miaka hiyo hiyo katika foleni ya vibali hakuna aliyemwonea wivu.

Tusisahau wale ambao hukataa gitaa lote tangu mwanzo, wakisema ni chombo cha kigeni na halina nafasi katika utamaduni wa taifa. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, alipoanzisha wizara ya utamaduni wa taifa, alisikitika kwamba waliosoma walijua dansi za Kizungu kuliko ngoma za makabila yao, na maneno yake yalikuwa ya haki. Jibu la wanamuziki halikuwa la hotuba. Waliliita dansi lao Msondo, na wenzao wakaliita lao Sikinde, majina ya ngoma za Wazaramo, wakayapigia magitaa ya umeme. Kwa maoni yetu hoja imekwisha hapo, na anayetaka kuiendeleza aende akacheze kwanza.

Walimu wanaoweza kupata kaseti au kanda za zamani tungewaomba jambo moja dogo: kabla ya kugawa maneno ya wimbo, wawaache wanafunzi wausikilize mara mbili bila ya karatasi, wahesabu magitaa, kisha waulize kila moja lilikuwa la nani. Swali hilo litawapeleka kwenye historia, uchumi na hesabu, na watarudi kwenye wimbo wakiwa na masikio mengine.

Na lipo swali jingine, ambalo wanafunzi wa Lindi, Mtwara na Kilwa wako karibu nalo kuliko wengine. Mpingo wa misitu yao ndio mti unaotengenezewa zumari za Ulaya za aina ya klarineti na oboe, na mafundi kadhaa wa magitaa huutumia kwa mgongo na ubavu wa magitaa ya bei kubwa. Mti huo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kukatwa. Mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, na wanakijiji wakaanza kupata bei bora kuliko ile waliyoizoea kwa gogo. Mpingo huondoka nchini ukiwa mbao, na ukirudi ukiwa chombo cha muziki hurudi kwa fedha za kigeni. Kuanzia tarehe 2 Januari 2017, mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe vilivyo hatarini uliitia jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji hati. Wenye viwanda na maduka ya magitaa ya Ulaya na Marekani wakaonja kungoja vibali, wakalalamika kwa nguvu, wakasikilizwa. Tangu tarehe 26 Novemba 2019 gitaa lililokwisha kutengenezwa halihitaji tena hati hiyo. Gogo la mpingo bado linaihitaji.